Mtoto wa mbwa aligoma kula siku tatu: nilihoji kila kitu nikasahau swali moja

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, napita kwenye nyuzi za mifugo na kubishana na watu kichwani mwangu tu. Leo naandika. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Kwanza niwaondolee shaka wale watakaotaka kuniita kaka: mimi ni dada. Nilimaliza shahada ya sayansi, ajira bado, nikarudi nyumbani kwa mama, Kaniha, Biharamulo. Asili yetu ni Ngara, Wahangaza. Mama alihamia huku alipoolewa, na baada ya baba kufariki amebaki na shamba lake, migomba na mbuzi tisa.

Walikuwa kumi na mmoja. Mbwa wetu wa zamani alipokufa kwa uzee, fisi walichukua wanambuzi wawili ndani ya mwezi mmoja.

Mama hakulalamika. Alianza tu kusema kwamba bora auze wote waliobaki kabla fisi hawajammalizia. Wakuu, mbuzi wale ndio walionisomesha. Kila likizo nilikuta wawili watatu hawapo, na mimi narudi chuo. Nikamwomba asiuze. Nikasema nitatafuta mbwa, na nitamlea mwenyewe.

Akaniangalia tu. "Wewe? Haya."

Mama ana rafiki anaitwa Mama Masanja, Msukuma aliyehamia Nyantakara na familia yake kutoka Shinyanga. Wamezoeana gulioni. Jike lake lilikuwa limezaa, na watoto walikuwa wameshaachishwa kunyonya. Kwake mbwa hauzwi, anaombwa. Unapeleka kuku, unapewa mbwa, mnabaki marafiki. Nikapeleka tetea mmoja siku ya Jumatatu.

Akanipa dume la kahawia, masikio yamelala, tumbo kama ngoma. Akanipa na gunia, nimtie humo asiione njia, akiiona atarudi. Nikamwambia kwa heshima kwamba mbwa hutumia pua zaidi ya macho, gunia halitasaidia kitu. Akacheka sana.

"Haya, msomi. Ila Jumamosi napita kwenu kwenda gulioni. Nikikuta hajazoea, namrudisha kwa mama yake. Mimi sitoi mbwa akafie kwa watu."

Nikampakia ndani ya sweta langu, kichwa nje, tukapanda bodaboda. Njia nzima alikuwa ananusa upepo. Nikajiona nimeshaweza.

Nyumbani nilikuwa na mpango tayari. Nilikuwa nimeangalia video nyingi sana za mtandaoni, za Wazungu na za ndugu zetu wa mjini. Boksi safi, blanketi, kona tulivu mbali na kelele, maji, chakula kwa saa maalum. Nikamwogesha kwa sababu alinuka. Nikamweka stoo, pembeni ya mahindi.

Mama naye akasema mtoto wa mbwa asisogee kabisa karibu na mbuzi, maana atajifunza kutafuna masikio ya wanambuzi. Kwao Ngara mbwa anakaa mlango wa jikoni.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mama na mtandao hawajawahi kukubaliana jambo lolote. Siku walipokubaliana, mimi mwenye tabia ya kuhoji kila kitu nikasema sawa.

Jina mama alikataa kumpa. Alisema hampi jina mbwa ambaye hana uhakika naye, akawa anamwita Tutaona.

Jumanne hakula. Nikasema ni mgeni, kawaida.

Jumatano hakula. Nilimpa uji wa maziwa, akanusa, akageuza uso. Nikampa dagaa. Nikampa hadi maini, kitu ambacho mimi mwenyewe sikula wiki ile. Aliingia nyuma ya magunia akawa analia, si kwa kelele, ni ile sauti nyembamba isiyokatika. Video zilisema usimwendee akilia, utamdekeza. Nilivumilia kama nusu saa hivi, nikaenda. Alinilamba vidole, kisha akarudi kulia. Yaani sikuwa yule anayemlilia.

Lile tumbo la ngoma likaanza kulegea.

Alhamisi asubuhi mama alisimama mlangoni pa stoo, akamtazama, halafu akasema taratibu kwamba kuna mtu wa Biharamulo mjini amemuulizia mbuzi wote, na Jumapili atampa jibu.

Hakuwa ananitisha, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ananipa taarifa, kama mtu aliyekwisha kuamua.

Nikachukua simu yake nikampigia Mama Masanja. Nikamsalimia, akaitikia marahaba, nikaanza. Alizaliwa lini hasa? Mama yake ana miaka mingapi? Walishapewa dawa ya minyoo? Walikuwa wanakula mara ngapi kwa siku? Kuna mwingine aliyeumwa? Alijibu yote kwa utulivu. Nilipotua kidogo kuvuta pumzi, akasema:

"Mwanangu, umeniuliza mpaka umri wa mama yake. Mbona hujaniuliza alikuwa analala wapi?"



"Alikuwa analala wapi, mama?"

"Na mbuzi. Amezaliwa humo zizini, kwenye kona. Alipofumbua macho aliona mbuzi. Sasa wewe umemweka wapi?"

Nikamwambia stoo. Akauliza kama nimemwogesha. Nikakubali. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema huyo mtoto haumwi, huyo amefiwa na ukoo mzima.

Wakuu, naomba mnielewe hapa. Nilijifunza kuhusu mbwa wa Ulaya, wa Marekani, wa Dar. Nilihoji gunia. Nilihoji umri. Swali ambalo ungemuuliza mgeni yeyote aliyelala kwako, kwamba kwenu huwa unalalaje, sikuliuliza. Nilimchukua mtoto aliyezoea joto, kwato na harufu ya samadi, nikamfungia kwenye usafi na ukimya, halafu nikashangaa kwamba hali chakula.

Mchana ule mama alikwenda kusali jumuiya. Sikuomba ruhusa. Nilimbeba Tutaona nikamweka katikati ya zizi, nami nikakaa kwenye ndoo niliyoipindua, tayari kumnyanyua.

Tuna jike moja jeusi, mzee, mkorofi, ndiye kiongozi wa wenzake. Akaja moja kwa moja akampiga kichwa. Mtoto akabingirika, akainuka, akajikung'uta, akarudi pale pale. Akapigwa tena, mara hii kidogo. Mara ya tatu jike likamnusa, likaendelea kucheua kana kwamba kimeletwa kiti kipya. Mtoto akaenda akajilaza kati ya wanambuzi wawili, akashusha pumzi ndefu, akalala.

Nilipoleta ugali na mtindi kwenye karai, mwanambuzi mmoja alitia pua. Tutaona aliruka akala kama mtu anayeibiwa. Kumbe alizoea kula kwa kugombania. Sahani ya peke yake ilikuwa adhabu.

Mama aliporudi na rozari yake mkononi alisimama zizini muda mrefu.

"Na akianza kutafuna masikio?"

"Nitakuwa hapa."

Na nilikuwa hapo. Ijumaa mbuzi walikatiwa majani, nami kutwa nzima kwenye ndoo. Aking'ata sikio, namwita kwa ukali na kumtoa nje kwa dakika chache, halafu anarudi. Nikiingia kula, natoka naye. Mama alikuwa sahihi kwamba hatari ipo, wakuu. Msimwache mtoto wa mbwa peke yake na wanambuzi siku za mwanzo. Kufikia jioni alishajua, na pale alipojisahau jike jeusi lilimkumbusha.

Jumamosi Mama Masanja akaja. Gunia begani.

Mama akampa kiti. Hakukaa. Alipiga ulimi, ile sauti yake ya kuita mbwa, na mtoto alitoka zizini mbio. Alimzunguka, akampanda miguu, mkia unatikisa mpaka kiuno. Mama akanitazama.  Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Mama Masanja kuhusu yule mnunuzi wa mjini.

Ilikuwa saa ya kuwapeleka mbuzi malishoni. Jike jeusi likatangulia, wenzake wakafuata. Tutaona akageuka akawaona wanaondoka. Akamtazama Mama Masanja, akawatazama mbuzi. Akalia mara moja. Halafu akawakimbilia, akajipenyeza katikati yao, na hakugeuka tena.

Mama Masanja alilikunja gunia mara nne.

"Huyu si wangu tena," alisema. "Wala si wako, msomi. Ni wa yule mweusi."

Mama hakuuza mbuzi. Jumapili alimpigia mnunuzi simu akamwambia asisumbuke.

Sasa huu ni mwezi wa tano tangu aje. Fisi bado wanasikika upande wa msitu, ila hatujapoteza mwanambuzi. Sifa zote simpi mbwa, maana zizi nalo tuliliongezea miti. Kwa wanaofuga: afisa mifugo wa kata alimpa dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa. Msiruke hiyo.

Ila kuna jambo moja limeniharibia utafiti wangu.

Wiki iliyofuata nilikuwa namweleza mama kwa kujiamini jinsi nilivyogundua tatizo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba Alhamisi ile ile, kabla ya kwenda jumuiya, alipima mkia wa mtoto kwa unyasi, akaukata unyasi kwa urefu huo, akauchomeka kwenye paa la nyasi la jiko. Bibi yake alifanya hivyo Ngara. Mbwa aliyepimwa mkia haondoki. Kwa hiyo, kwake yeye, mbuzi hawakuhusika.

Nikamweleza kwamba tulibadilisha vitu viwili siku moja, kwa hiyo hatuwezi kujua kipi kilifanya kazi. Nikasema najua jibu ni mbuzi, lakini kisayansi imani yake haina ushahidi.

"Basi ni rahisi," akasema. "Ngazi ile pale. Panda uutoe, tuone."

Wakuu, nina shahada ya sayansi. Ngazi ipo. Sijapanda.

Nilichojifunza: ukipewa kiumbe ukilee, kabla hujauliza dunia nzima, muulize aliyekuwa naye jana. Si lazima ukubali maelezo yake. Gunia bado nalikataa. Lakini maisha ya huyo kiumbe anayajua yeye.

Waliowahi kupokea mtoto wa mbwa akagoma kula, mlifanya nini? Na wenye mila za kumzoesha mbwa nyumbani, kutoka popote, zimwageni hapa tuzichambue. Wa kunishauri nipande ngazi, njooni mpande nyinyi. Mama yupo.