Chumvi ya Arlene iliyompeleka mwanawe Sacramento

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Arlene Sobczak anavunja yai la kwanza la siku kwa mkono mmoja bila hata kuliangalia. Nje, mtaa wa Lagrange umeganda na magari yamevaa ukoko wa barafu. Ndani, bamba la chuma limeshika moto, soseji za Kipolandi zinatoa mafuta, na kahawa inaanza kuchuruzika.

"Yai halina unafiki," anasema. "Ukilipiga vibaya, linakuonyesha hapohapo."

Ana miaka hamsini na minane. Ishirini na saba kati ya hiyo ameimalizia katika mkahawa huu wenye meza kumi na moja, akipika mwenyewe na kuhudumia mwenyewe. Analipwa dola sita kwa saa, na kinachobaki ni bakshishi. Goti lake la kulia limevimba, lakini halizungumzii mpaka aulizwe.

Leo ni Jumanne. Kiti cha mwisho pale kaunta, karibu na dirisha, kina kitambaa cha mezani kilichokunjwa juu yake. Hakuna mteja anayethubutu kukikalia.

Kilikuwa kiti cha Caz, mwanawe wa pekee.

Casimir Sobczak, miaka ishirini na sita, alikuwa mlinzi wa mstari katika timu ya mpira wa Kimarekani ya mji wetu wa Toledo, Wapuliza Kioo. Kazi ya mlinzi wa mstari ni kusimama mbele ya kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuendesha timu nzima, na kupokea kwa kifua chake kila jitu linalokuja kumwangusha. Hagusi mpira. Hafungi pointi. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna anayemwona.

Jumanne ni siku ya mapumziko ya wachezaji. Kwa misimu mitatu, kila Jumanne saa mbili kamili asubuhi, Caz aliingia, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akala mayai sita. Wakati wa theluji alikuja na koleo garini, akamsafishia ngazi za nyumba kabla hajaenda kwake.

Watu humuuliza Arlene kwa nini bado anafanya kazi hali mwanawe analipwa na timu kubwa. Huwa anacheka.

"Yanayolipwa ni mabega yake," anasema. "Bega likikataa kesho, nani anatuma hundi? Mimi nina bamba langu la moto. Halijawahi kunifukuza."

Ili kuelewa kilichotokea Jumanne ile, wiki tatu zilizopita, ni lazima kuijua meza ndefu.

Meza hiyo hukaliwa na wanaume wanane, wengi wao wastaafu wa kiwanda cha kioo. Kila mara timu inapomsajili au kumwachia mchezaji mkubwa, wao hupiga kura. Anayekubali husukuma kichupa cha chumvi katikati ya meza, anayekataa husukuma cha pilipili. Wakigawana nne kwa nne, Arlene ndiye mwamuzi. Matokeo huandikwa kwenye karatasi ya oda na kubandikwa juu ya mashine ya kahawa mpaka msimu uishe. Siku ya mwisho karatasi husomwa, na waliokosea huosha vyombo asubuhi nzima.

Kura haipigwi mara mbili. Sheria hiyo ina umri kumzidi Caz.

Jumanne ile, saa moja na dakika ishirini, redio ya mkahawa ilikatiza wimbo. Mtangazaji alikuwa akihema kama aliyekimbizwa. Wapuliza Kioo wamempata Micah Lindqvist, kwotabeki wa Sacramento, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye nusu ya nchi inamtamani. Kwa kumpata, timu imetoa nafasi zake tatu za kwanza za kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni, miaka mitatu mfululizo.

Mkahawa ulilipuka.

"Nilisema mimi!" Floyd Hadley, mzee wa miaka sabini na mmoja, alipanda juu ya kiti. "Nilisema au sikusema?"

"Wewe umesema kila kitu tangu nikufahamu," alijibu Nabil Shaheen, mwenye duka la matairi. "Nafasi tatu, Floyd! Miaka mitatu tutachagua nani, wajukuu zako?"

"Wajukuu zangu wanarusha kuliko yule tuliyenaye!"

"Hata mke wako anarusha kuliko tuliyenaye. Nimeziona sahani anazokurushia."

"Kaa chini, mzee, utavunja nyonga," alisema Otis Crenshaw, dereva mstaafu. "Halafu tutakubadilisha na nani? Hata Sacramento hawatakutaka."

Walibishana dakika ishirini. Watu wazima wenye mvi walinyoosheana vidole machoni kwa sababu ya mtoto ambaye hajawahi kukanyaga mtaa wao. Hatimaye vichupa vikasukumwa. Chumvi nne. Pilipili nne.

"Dada Arlene," aliita Floyd, "tuokoe."

Arlene alisimama na birika la kahawa mkononi. Anasema hakufikiri sana. Alikumbuka Jumapili zote ambazo Caz alirudi na mbavu zimegeuka zambarau kwa kuwalinda warushaji wasiojua pa kurusha.

"Niliwaza, basi leo mwanangu amepata mtu anayestahili kulindwa," anasimulia.

Alisukuma chumvi. Floyd akampigia saluti. Nabil akaandika kwenye karatasi: Lindqvist, ndiyo, mwamuzi Arlene. Akaibandika.

Arlene alikuwa akimmiminia Otis kahawa redio iliposema tena. Ofisi ya timu imethibitisha. Nafasi tatu za kwanza, pamoja na mlinzi wa mstari Casimir Sobczak.

Kahawa ilijaa kikombe cha Otis, ikajaa kisosi, ikaanza kutiririka mezani hadi kwenye suruali yake. Otis hakusogea. Floyd alikuwa na kipande cha mkate mdomoni; hakutafuna, hakutema.

"Arlene," Nabil alisema polepole. "Weka birika chini."

"Wamesema Sobczak?" aliuliza. "Wapo Sobczak wengi mji huu."

Wapo wengi kweli. Anayecheza mpira ni mmoja.

Hivi ndivyo mambo haya yanavyofanywa, na sisi mashabiki tunapiga makofi. Mtu hulala akiwa wa Toledo, akaamka ni nyongeza ya bei. Kwenye televisheni jina la Caz lilipita mara moja chini ya skrini, likafuatwa na tangazo la dawa ya mafua.

Saa mbili kasoro dakika tano mlango ulifunguka. Caz alisimama pale, mpana kama kabati, simu bado iko sikioni. Timu ilikuwa imempigia akiwa anaegesha gari.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia." Arlene anakumbuka kwamba sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nilishapiga kura, mwanangu. Nilisema ndiyo."

Caz alitazama mashine ya kahawa, akaisoma karatasi. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

Floyd tayari alikuwa amepanda tena kiti, safari hii kuichana karatasi. "Hii haihesabiki! Hatukujua! Tunapiga upya!"

"Iache hapo, Floyd," Arlene alimwambia.

"Lakini Arlene..."

"Shuka! Ulipokuwa unashangilia, uliuliza nani mwingine anapanda ndege? Hata mimi sikuuliza. Basi ibaki."

"Wamenunua dereva, wameuza breki," Nabil alinong'ona.

Ndege ilikuwa saa sita mchana. Caz alikaa kwenye kiti chake, mama yake akamvunjia mayai sita. Mawili yalipasuka kiini, jambo ambalo wateja wa zamani wanasema hawajawahi kuliona. Caz aliyala yote. Kabla hajaondoka alimpa Otis ufunguo wa gari lake, na koleo.

Tangu siku hiyo, theluji ikianguka, wazee wa meza ndefu hupokezana kusafisha ngazi za Arlene. Floyd huja hata zamu isiyo yake.

Leo, saa mbili kamili, mlango unafunguka. Anaingia kijana mrefu mwembamba, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Ni Jumanne ya tatu anakuja. Mara ya kwanza alisimama mlangoni kama aliyepotea njia, akasema Caz amempigia simu na kumwambia: ukifika Toledo, kaa kiti cha mwisho, mama atakulisha.

Arlene anaondoa kitambaa. Micah Lindqvist anakaa.

"Mangapi leo?"

"Mawili, mama."

"Kwa mayai mawili hutarusha mpira kwenye upepo wa hapa." Anavunja manne. "Mwanangu amekupisha kiti. Kula."

Juu ya kichwa cha kijana, karatasi bado imebandikwa. Desemba kumi na nne Sacramento wanakuja Toledo, na Arlene ameomba ruhusa ya siku ya mechi kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Ameshona koti lenye rangi za timu zote mbili, upande mmoja hii, upande mwingine ile. Atakaa uwanjani na wazee wake wanane, na ataondoka na Caz kwenda kula nyumbani.

Ninamuuliza kama anatamani kuosha vyombo mwisho wa msimu, yaani kura yake ionekane ilikuwa kosa.

Anamtazama kijana anayekula, kisha anafuta kaunta kwa nguvu.

"Hapana," anasema. "Nataka huyu mtoto awe bora nchi nzima. Kama walimtoa Caz wangu, isije ikaonekana walimtoa kwa kitu rahisi."

Anavunja yai la tano.