Marinda ya Kichujio

Jirani yangu pale Lidcombe, mtaa wa Sydney, alikuwa nesi kutoka Kenya, akifanya kazi hospitali upande wa Westmead. Nyumba aliyopanga ilikuwa mpya, imezibwa kila mwanya kwa sababu ya kelele za treni, na hewa yake ililetwa na mashine iliyofichwa kwenye kabati la chumba cha kufulia. Yangu ilikuwa ya zamani, na hewa tuliipata bure kupitia nyufa. Katikati yetu palikuwa na uzio wa mabati ulionifikia kifuani. Karibu yote ninayosimulia hapa yalipita juu ya uzio huo, maana ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2021 na hatukuruhusiwa kuingia nyumbani kwa mtu.

Nesi aliishi na mama yake mzazi. Mama huyo alikuja kumtembelea kwa miezi mitatu kabla ya korona, ndege zikasimama, akabaki. Kwao alikuwa amefundisha ushonaji katika shule ya wasichana mpaka akastaafu. Mimi nimetoka Uvira, Kongo, na kabla ya ukimbizi nilikuwa fundi cherehani. Hapa Sydney nilifua nguo katika nyumba ya kulea wazee, na siku ambazo sikuwa na zamu nilishona barakoa kwa ajili ya watu wa kanisani.

Asubuhi moja nesi aliniita nikiwa naanika nguo.

"Dada, wewe ni fundi. Hebu angalia hii kitu."

Alinipitishia fremu ya karatasi ngumu, kubwa kama sinia. Ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichokunjwakunjwa, cheusi kama sufuria ya kuni.

"Hiyo ndiyo filta ya hewa inayoingia," akasema. "Taa nyekundu imewaka wiki mbili sasa. Nimeagiza nyingine, wananiambia meli imechelewa. Ajenti wa nyumba anasema nisubiri."

"Huwezi kuiosha?"

"Niliosha ile ya hewa inayotoka." Akainua ya pili. Ilikuwa imelegea kama mkate uliolowa chai.

Akanieleza jinsi mashine inavyofanya kazi. Inavuta hewa chafu ya jikoni na bafuni na kuitoa nje, na wakati huohuo inaingiza hewa mpya. Hewa hizo mbili zinapishana ndani bila kuchanganyika, ile ya kutoka ikiiachia ile ya kuingia joto lake, kwa hiyo nyumba inapumua bila kupoa. Kila moja ina kichujio chake. Kikiziba, mashine inahangaika, madirisha yanatoa jasho, na ukungu unaanza kuota pembeni mwa dari.

"Mama anafungua madirisha siku nzima," akasema. "Vumbi la reli linaingia, baridi inaingia, halafu anakohoa."

Nikamuuliza jambo ambalo kila mtu angeuliza mwaka ule, kama kichujio kile kilizuia korona.

"Hapana, dada. Hiki ni cha vumbi tu. Sitaki nikudanganye, wala nijidanganye mwenyewe."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikamwambia, "Basi acha mi nijaribu. Nitakushonea."

Nilijaribu kwa majivuno. Nilikitoa kile kitambaa cheusi, nikachukua pamba ya barakoa, nikaibandika tabaka tatu, nikaitandaza juu ya fremu na kuivuta mpaka ikanyooka kama ngoma. Nilijiambia kwamba kama inatosha pua ya mtu, itatosha nyumba. Jioni ile nikaikabidhi. Kesho yake nesi alisimama kwenye uzio, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mashine inanguruma kama lori linalopanda mlima. Na hewa haitoki kabisa. Nimeshika karatasi ya choo chini ya tundu la dari, haijatikisika hata kidogo."

Niliona aibu. Aliirudisha, nikaitazama, na sikujua kosa langu liko wapi.

Eneo letu lina karakana na maghala mengi, na ghala moja liliuza kitambaa cha kuchujia kwa mita. Nikapiga simu. Mzee aliyepokea hakuwa na haraka. Alinieleza kwamba vitambaa hivyo vina madaraja. Kile chenye nyuzi nene zilizoachana kinashika nywele, wadudu na vumbi kubwa. Kile laini kinashika lile vumbi dogo linaloteremka mpaka kifuani. Nikamwambia anipe kilicho laini kuliko vyote. Akacheka kidogo, akaniuliza mashine ina nguvu gani. Sikujua. Basi akanishauri nisome maandishi ya pembeni mwa fremu ya zamani, nisizidishe daraja lililoandikwa pale, kwa sababu mashine ya nyumbani ina mapafu madogo.

Nilisoma. Kumbe vile vichujio viwili havikuwa sawa tangu mwanzo. Cha kuingia kilikuwa cha daraja laini, cha kutoka kilikuwa cha kawaida tu, kazi yake ikiwa ni kukinga mashine dhidi ya nyuzi na vumbi la ndani. Niliagiza mita moja ya kila aina, wakaniachia mlangoni.

Siku hiyo mama yake nesi ndiye aliyetoka uani, amejifunika shali, binti yake akiwa amelala baada ya zamu. Nilimpitishia fremu na kile kitambaa cheusi nilichokuwa nimekitoa, akakigeuza mara mbili, akahesabu mikunjo kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "ulikitandaza kitambaa hivyo kama shuka?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa walitia marinda. Unajua sketi ya marinda ya shule? Kiunoni ni ndogo, lakini ukiifumua ni kitambaa kingi sana. Hewa inataka kitambaa kingi ndipo ipite bila kusukumana."

Kwetu marinda tunayaita pli, kwa Kifaransa, na nilikuwa nimeshona sketi hizo kwa mamia. Nilisimama pale nikijiuliza ilikuwaje nisione kitu nilichokifanya miaka yote hiyo kwa mikono yangu.

Nikapiga pasi mkunjo wa kwanza, kitambaa kikajikunyata na kutoa harufu ya plastiki. Mama alisikia harufu akiwa upande wake.

"Hiyo haitaki moto. Chukua rula na mgongo wa kisu, ukune mstari, halafu ukunje."

Tulifanya hivyo siku mbili, yeye upande wake akiwa kwenye kiti, mimi upande wangu nimeweka meza chini ya kamba ya nguo. Alikuwa mkali. Mkunjo uliopinda alinifanya niufumue. Kati ya mikunjo tulipitisha nyuzi za kushikilia nafasi, na ukingoni nilibandika utepe wa sponji, kwa sababu alisema hewa ni mvivu, ikiona mwanya pembeni itapita hapohapo na kuacha kichujio. Mwisho akanikumbusha mshale uliochorwa kwenye fremu, unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Nilikuwa karibu kuugeuza.

Siku ya pili, nesi alipoamka, alivipachika vyote viwili. Mimi nilibaki uzioni, nasubiri. Akatoka mbio na kipande cha karatasi ya choo mkononi.

"Imepeperuka," akasema. "Na ya bafuni imenaswa juu, haidondoki."

Mama alikuwa amekaa kitini ametabasamu, mikono mapajani, kama mwalimu aliyeona darasa limefaulu.

Sanduku la dukani lilifika baridi ilipokaribia kwisha, nilipokuwa nimeshashona jozi ya pili. Nesi alinionyesha vichujio vipya kwa uangalifu, akiogopa kuniumiza. Nilivikagua. Mikunjo yao ililingana kuliko yangu, na gundi ilikaa vizuri kwenye kona. Nikamwambia aweke cha dukani kwenye hewa inayoingia, kwa ajili ya kifua cha mama, na changu akiache upande wa kutoka, akikifyonza vumbi kila mwezi kwa mashine ya kufagilia. Tukakubaliana hivyo.

Tuliporuhusiwa kutembeleana, walinialika chakula cha mchana. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa na vioo vikavu, treni ilipita bila sauti, na pale mezani nilihisi hewa nyembamba ikinigusa shingoni. Mama alikuwa amepika ugali na sukuma wiki, mimi nilileta samaki wa kukaanga. Tulibishana kidogo kuhusu sombe, yaani kisamvu chetu, ambayo yeye alidai ni majani ya mbuzi, nikamwahidi kumpikia kabla hajapata ndege. Akanijazia sahani mara ya pili. Niliifuta yote, na siku hiyo nilichelewa kufika kazini.