Kompyuta ya Mhandisi Mkuu Ndani ya Kompyuta Yangu

Siku niliyoripoti kazini katika ofisi yetu ya Homa Bay, Mhandisi Mkuu hakuniuliza cheti. Alinikalisha mbele ya kompyuta moja nene kama kasha la samaki, nikapiga barua, nikaihifadhi, nikajiona fundi kamili. Halafu akainama, akachomoa waya ukutani. Skrini ikawa giza. Akaurudisha.

“Iwashe sasa,” akasema. “Usiniambie inafanya kazi, nyar Sindo. Niambie inaamka.”

Nyar Sindo ni binti wa Sindo, na ndivyo alivyoniita miaka yote. Tulikuwa kampuni ya kuchimba visima, mimi karani wa rekodi. Stima ilikuwa ikipotea ovyo, kwa hiyo jaribio lile halikuwa la ukatili. Programu ya rekodi aliiandika mwenyewe: kina cha shimo, aina ya mawe, na floraidi, yale madini ambayo yakizidi majini meno ya watoto yanageuka kahawia. Wengine waliandika visima vilivyotoa maji tu. Yeye aliandika hata shimo lililotoa vumbi, na ukikosea hukuruhusiwa kufuta. “Hapa tunaandika chini ya kosa,” alisema, “na aliyekosea anatajwa.” Nyinyi vijana wa kitufe cha kufuta mngelia.

Mwaka wangu wa kwanza nikafanya kosa ambalo sijalisahau. Tulichimba mashimo mawili kwetu Sindo, moja upande wa ziwa, jingine upande wa kilima. Chupa za maji zikaja ofisini, nikazibandika lebo, na mchana nikagundua huenda nimezibadilisha. Nikazibandua, nikazibandika tena, nikachanganyikiwa zaidi. Majibu yalisema shimo moja ni zuri na jingine lina floraidi ya kutisha, lakini lipi? Nilikwenda kwa Mhandisi Mkuu nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaenda Sindo mwenyewe, akawaambia wazee barazani kwamba kosa ni lake na maji yatapimwa upya. Mfadhili akakasirika, akaondoka na pampu zake. Kabla majibu mapya hayajarudi, mimi nikahamishwa Migori, na kwa aibu sikuuliza tena.

Migori nilifanya kazi chini ya Meneja wa Tawi, mtu wa haraka asiyependa kuona kitu kikikaa bure. “Mama, hizi kompyuta tano mbona zinasinzia?” aliniuliza. Kweli zilisinzia, kila moja na kazi moja ndogo. Hapo ndipo nilipojifunza kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine na kudhani iko peke yake. Tano zikaingia ndani ya moja. Meneja alizunguka ile moja mara mbili akitafuta nyingine, na mimi nikacheka hadi machozi.

Kampuni ilipofungwa nilistaafu, nikarudi nyumbani Sindo. Nilitaka seva ya nyumbani, kompyuta ya kuhifadhia picha za familia na nyimbo za kwaya yetu, basi. Ndipo akaja Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na swali moja.

“Dada, wewe ulifanya kazi na wale watu wa visima. Ni shimo gani lilikuwa na maji mazuri? Yote yameporomoka. Tuna uwezo wa kuchimba moja tu.”

Sikujua. Mimi niliyebandika lebo, sikujua. Nikampigia Mhandisi Mkuu, sasa mzee wa kutembea na fimbo, kwake Oyugis. Hata yeye hakukumbuka. “Nimechimba mengi mno,” akasema. “Ila ile kompyuta inajua, niliichukua ofisi ilipofungwa. Shida haiwaki.”

Basi seva yangu ikapata kazi nzito kabla sijainunua. Fundi mmoja mjini alinionyesha seva kubwa iliyotoka ofisi fulani, ina nguvu za ajabu, lakini inakula stima kama posho mill, kile kinu cha kusagia unga, na kuvuma hivyohivyo. Nikaiacha. Nilichukua kompyuta ndogo ya mtumba, ya aina iliyokaa mezani kwa makarani, nikaiongezea RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, kwa sababu kila mashine pepe inataka sehemu yake. Diski niliweka mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja, moja ikifa nyingine ibaki. Na UPS, betri ya kuishikilia stima ikikatika, kwa sababu ninakoishi ninakujua.

Programu ya kubeba mashine pepe ziko za namna mbili. Moja unaiweka juu ya mfumo wa kawaida, kama programu nyingine yoyote. Ya pili inakaa moja kwa moja juu ya chuma cha kompyuta, haina wa kati, na stima ikirudi inaweza kuziamsha mashine zake bila wewe kugusa kitu. Mimi nilichagua ya pili, ya bure, ambayo watu wanaiboresha pamoja duniani kote. Nawavulia kofia watu hao.

Nikaenda Oyugis. Ubao wa ile kompyuta ulikuwa umevimba na kushika kutu, lakini diski bado ilizunguka. Niliinakili yote, kipande kwa kipande, sehemu zilizogoma nikizirudia mara nyingi, huku Mhandisi Mkuu ameketi kando yangu. Nakala moja nikamwachia.

Nyumbani mashine pepe ikakataa kuanza. Siku tatu! Kumbe prosesa ilikuwa na uwezo wa kubeba mashine pepe, ila umezimwa kwenye mipangilio ya kiwandani, na mimi na miaka yangu yote sikuangalia. Nikauwasha. Nikaipa ile kompyuta ya zamani RAM kidogo tu, kama ilivyozoea, maana ukiishibisha inachanganyikiwa. Ikaamka na rangi zake zilezile. Nililia, sioni haya kusema. Halafu, Min Akinyi akitazama, nikachomoa waya wa UPS na wa seva.

“Dada, umeharibu!” akashika kichwa.

“Ngoja,” nikasema, nikazirudisha. Seva ikaamka yenyewe, na kompyuta ya zamani ndani yake.

Tukafungua rekodi ya Sindo. Shimo la upande wa kilima: maji salama. Upande wa ziwa: wasichimbe kamwe. Chini yake pameandikwa: *Lebo za chupa zilibadilishwa. Kosa ni la Mhandisi Mkuu.*

Min Akinyi alikwenda mbio kuwaambia wenzake. Mimi nikabaki nikiitazama ile sentensi. Kumbe hata kwenye rekodi yake mwenyewe, iliyokataza uongo, alikuwa amenibebea. Nikampigia simu.

“Jaduong', mzee wangu,” nikamwambia, “nataka kurekebisha ile rekodi. Uliandika uongo.”

Akacheka taratibu. “Ulikuwa mwaka wako wa kwanza tu kazini. Nani aliyekuachia chupa bila kukufundisha? Andika ukitaka. Lakini usifute yangu.”

Nikahifadhi kwanza hali ya mashine ilivyokuwa, kama nilivyozoea kabla ya kugusa chochote. Kisha, chini ya sentensi yake, nikapiga jina langu kamili, na cheo changu cha siku zile: karani wa rekodi.