Jiwe la Popo Nililoliosha

Kazi yangu ni kutunza sampuli za mawe katika maabara moja hapa Shinyanga, na najivunia usafi. Juzi bosi wangu, Mama Neema, alirudi kutoka Geita na jiwe alilolitoa kwenye pango la popo. Akaliweka mezani.

"Baba Kulwa, wageni wanakuja kuliona. Hakikisha hapa pawe pasafi."

Jiwe lilikuwa limetapakaa kinyesi, tena linanuka mkojo. Nimezoea kuosha mawe ya dhahabu, basi nikalitia kwenye beseni la maji nikaanza kulisugua kwa brashi. Lilivyozidi kupungua nilifurahi, nikidhani ni uchafu unaotoka. Nikasugua mpaka nikabaki na brashi tu.

Mlango ukafunguliwa. Mama Neema aliingia na wageni, akiwaeleza kwa furaha, "Haya ni madini adimu ya fosfeti. Hutokana na mkojo na kinyesi cha popo, na hudumu kwenye mapango makavu tu, kwa sababu maji huyayeyusha." Akanigeukia. "Liko wapi jiwe, Baba Kulwa?"

Nikainua beseni kwa mikono miwili.

"Limo humu, mama."