Ukungu Uliomwondoa Mama Kapinga

Nilipokuwa mtoto sikusimuliwa kisa hiki, nilikiona. Aliyekisimulia kwanza mbele ya watu ni tantini Ngoie, dada mkubwa wa baba, siku tulipomaliza matanga ya nyanya. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia sekondari. Alikisimulia vizuri, watu wakashika vinywa, ila alitia makosa mawili. Alisema mkono uliotokea juu ya ubao wa baba ulikuwa mkubwa kama kasia. Tena alisema Mama Kapinga alionekana akigusa ubao huo. Hakuna aliyemwona. Naandika ili makosa hayo yasizeeke yakawa ukweli.

Baba alikuwa seremala hapa Kamina. Mdogo wake, Ilunga, alikuwa akienda Mulongo kununua samaki, na huko alizama katika mto Lualaba akiwa ndani ya mtumbwi mwembamba wa kukodi. Maiti yake haikupatikana. Aliacha mke, Mama Kapinga, mtu wa Kasai, na mtoto wa kiume wa miaka minne, Kabamba. Wote wawili wakahamia kwetu. Baba akaapa kwamba hakuna mtu wa ukoo atakayepanda tena mtumbwi wa namna ile. Angejenga mashua pana ya mbao. Angeikata na kuipima nyumbani, kisha lori liipeleke Mulongo kuunganishwa.

Katika ukoo wetu, mbao za chombo hazionwi ovyo. Jicho la jirani likizipata kabla hazijapigwa msumari, chombo kitavuja mpaka mwisho wake. Na mjane ambaye hajaoshwa msiba hazigusi, maana marehemu humfuata nyuma akitafuta njia ya kurudi. Kwa hiyo baba alizipanga mbao nyuma ya nyumba, moja juu ya nyingine, akazifunika kwa bashi la plastiki na kulikaza pembeni kwa matofali. Zilikuwa bado mbichi. Mvua zilikuwa zimeanza.

Siku baba alipolifunua bashi ili aanze kupiga randa, tulikuwa wote uani. Ubao wa juu ulikuwa umeota ukungu. Sehemu nyingine ulikuwa madoa tu ya kijivu, lakini upande wa mwisho ulikuwa mweupe kabisa, na una umbo: kiganja, vidole vinne vilivyo wazi, na kidole gumba kilichofifia.

"Ile iko pemba," akasema tantini Ngoie. Pemba ni chokaa nyeupe ambayo wazee walimpaka mtu aliyetembelewa na wafu.

"Iko ukungu tu, yaya," akasema baba, akimwita dada yake kama tunavyowaita ndugu wakubwa.

"Ukungu inajua kuhesabu vidole?"

Mama Kapinga alitoka jikoni na kisu chake cha kukwangulia muhogo. "Tantini, muhogo yangu inaotaka hivi kila wakati ya mvua. Bafu banakulaka muhogo?" Wafu aliwaita bafu. Kisha akamgeukia baba. "Shemeki, toa bashi. Weka tujiti katikati ya mbao, upepo ipite. Tusugue na majivu na ndimu, jua itamaliza."

"Sikieni, anajua na dawa yake! Nani alimufundisha?" akasema tantini Ngoie.

"Muhogo njo ilinifundisha."

Baba alicheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka katika jambo lile. Aliusugua ubao kwa brosi na sabuni mpaka ukawa safi, lakini vijiti hakuweka, na bashi akalirudisha palepale, kwa kuogopa macho ya majirani. Baada ya siku nne alilifunua tena. Mkono ulikuwa umerudi mahali pale pale. Ulikuwa umekua.

Tangu hapo nyumba yetu ilibadilika. Hakuna aliyepokea chakula kutoka mkononi mwa Mama Kapinga. Sahani yake ilioshwa peke yake. Miaka ile watu wa Kasai walikuwa wakifukuzwa kwetu, na jina la Kikasai peke yake lilitosha kumtilia mtu shaka, na sasa palikuwa na mkono. Upepo ukiingia chini ya bashi, lilipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, nasi watoto tulizunguka mbali kwenda chooni. Mchana mmoja nilimkuta Mama Kapinga amechuchumaa mbele ya matofali, hakugusa kitu, anasema polepole: "Ilunga, kama iko weye, ambia bandugu yako siyo minyi."

Nilirudi nyuma kimya. Maana mimi nilikuwa na jambo langu. Kabla ya siku ile ya kwanza, nilizoea kuingia chini ya bashi kwa siri. Nilipenda harufu ya mbao. Na mara moja niliingia baada ya chakula, mkono una bukari, yaani ugali, sijanawa, nikaegemea ubao ule ili nitoke. Nilikuwa na miaka saba. Baada ya mkono mweupe kurudi nilienda peke yangu, nikaweka wangu juu yake. Wangu ulipotea ndani yake. Nikajiambia: basi, siyo wangu. Nikanyamaza.

Jumapili, baada ya misa, wakubwa walikaa. Waliamua kwamba Mama Kapinga arudi kwao kwa treni, na Kabamba abaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba yake.

"Minyi nitaenda," akasema. "Lakini mutoto hajui kulala bila minyi."

"Atajua," akasema tantini Ngoie.

Baba alitazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, neno liko mdomoni, nami nikalimeza. Hata sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba nikisema ni mkono wangu, wangesema wafu wamenichagua mimi.

Kesho yake treni iliondoka naye, nami nilimlilia stesheni mpaka mabehewa yakapotea. Keshokutwa baba, kwa kuwa majirani walikwisha kujua yote na hapakuwa tena na cha kuficha, alilitoa bashi. Aliweka vijiti katikati ya mbao, akasugua kwa majivu na ndimu, akaziacha juani. Ukungu haukurudi tena.

"Munaona?" akasema tantini Ngoie. "Alitoka, nayo ikatoka."

Sekondari nilifundishwa kwamba ukungu hula wanga, na kwamba hutambaa kwenda nje, hata alama ya mkono wa mtoto ikaweza kukua ikawa ya mtu mzima. Ukisuguliwa juu tu, hubaki ndani ya mbao mbichi na kuota tena. Nilipolisikia somo hilo niliomba ruhusa ya kutoka darasani. Wenzangu walidhani ni malaria. Wafu hawakufanya lolote katika nyumba yetu. Lililofanyika tulilifanya sisi, na sehemu yangu niliifanya kwa kunyamaza.

Baba amekufa. Mashua yake ilifanya kazi Mulongo miaka mingi na haikumzamisha mtu. Tantini Ngoie yuko hai. Haoni vizuri, lakini bado anasimulia. Kabamba yuko hai, ni fundi wa pikipiki kule Kabongo. Mama Kapinga yuko hai, kwao Mwene-Ditu. Pasaka iliyopita Kabamba alinipa namba ya simu ya mama yake.

"Yaya, umupigie," akaniambia. "Anakuulizaka kila mara. Anasema mu nyumba yote ile, weye njo muntu moja tu alimulilia."

Mimi pia niko hai. Sijapiga.