Kama Chanjo Imeshika

Wajukuu wangu wanasema "jab". Wanalitamka harakaharaka kama mtu anayefukuza nzi, na kweli siku hizi ni jambo la haraka: sindano inaingia, inatoka, mtoto analia kidogo, mnarudi nyumbani. Siwalaumu. Lakini neno langu mimi la chanjo kwa Kiingereza ni lingine. Nililisikia miaka ya hamsini nikifagia kliniki moja upande wa Makueni. Daktari Mzungu aliinua mkono wa mtoto, akautazama, akamwuliza dresa wake, yule msaidizi wa kutibu vidonda na kuchanja watu: "Did it take?" Nikamwuliza dresa maana yake. Akasema daktari anataka kujua kama chanjo imeshika. Niliuacha ufagio pale pale nikatoka nje, kwa sababu swali hilo nilikuwa nimeliuliza zamani kwa lugha yangu, na sikutaka watu wanione nikilia kazini.

Chanjo ya ndui wakati huo haikuwa ya kudungwa. Dresa alikutia tone la dawa mkononi, akakuchanja juu yake kwa chuma chenye ncha, basi. Kisha unasubiri. Mkono ukivimba, ukatunga usaha na kufanya gamba, mwili umeipokea dawa: imeshika, kama mche unavyoshika udongo. Ukibaki laini, hujachanjwa, umekwaruzwa tu. Yaani kidonda ndicho kilichokuwa habari njema. Haya, nenda ukamweleze hivyo mama mkwe wangu.

Miaka ya vita, kabla ya kazi ile ya kliniki, tulikuwa tunakaa Kitui, mimi, yeye na binti yangu ambaye hakuwa amefikisha mwaka. Mume wangu alikuwa jeshini ng'ambo, na baba mkwe alikuwa amekufa. Habari zikaja kwamba ndui imeingia upande wa Mwingi, na chifu akaita watu kambini wachanjwe. Mama mkwe akasema niende na mtoto, yeye abaki na mbuzi. "Mimi ni mzee," alisema, "ndui itanitakia nini?" Nilimwachia mbuzi nikaenda. Mtoto akachanjwa, na mimi nikachanjwa. Dresa akatuonya sote kwa sauti kubwa: msioshe, msipake kitu, acheni kiumwe.

Nilirudi nikamlaza mtoto, nikachukua vibuyu nikaenda kuchimba maji mchangani mtoni. Na mto wa kwetu hauchimbiki kwa dakika mbili. Niliporudi jua likizama, nilimkuta mama mkwe amempakata mtoto, anaimba, na ule mkono unang'aa samli. Alikuwa ameuosha kwa maji ya moto na chumvi, akaukamua, akaupaka. Watu walikuwa wakimletea vidonda vyao kutoka mbali, na alikuwa fundi kweli. Akaniambia, "Hao watu wanakata mtoto halafu wanamwacha hivi hivi, mwanangu? Hawana mama?"

Nilimfokea. Mke wa mwana hamfokei mama wa mumewe, hata sasa nikisimulia naona aibu, lakini sina la kujuta, maana nilikuwa naona ndui inakuja na mtoto wangu hana kitu. Nilimwambia ameiosha dawa, ameimwaga pamoja na maji. Alimtazama mtoto, akautazama mkono, kisha akaninyooshea mtoto taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Watu hupenda kusema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi methali hiyo siipendi. Alfajiri nilimfunga mtoto mgongoni nikamfuata dresa.

Alikuwa ameshahamia kambi nyingine, ng'ambo ya mto. Nilipokuwa natoka nyumbani, mama mkwe alisimama mlangoni akanipa uji wa njiani. Nikamwambia, "Twende pamoja, mama, uchanjwe nawe." Akasema, "Na mbuzi? Wewe nenda. Huyu ndiye wa kukimbizwa." Nilimkuta dresa jua la utosini, amechoka, hasira tele. Alinigombeza mbele ya watu, akamchanja mtoto mkono wa pili. Kisha akashusha sauti. "Dawa hii imepigwa na jua tangu asubuhi," alisema. "Sijui kama itashika. Ndiyo ya mwisho niliyo nayo."

Nilimweleza mama mkwe kama nilivyoambiwa. Hakuugusa mkono ule. Alikuwa akija, anainama, anautazama, mikono yake ameibana kwapani. Siku ya kwanza laini. Siku iliyofuata laini. Kisha ukaja ujumbe kwamba dada yake, nyuma ya kilima, ana homa kali na hana wa kumpa maji. Akafunga kiondo chake. Kabla ya kuondoka aliutazama mkono tena, akashika njia ya kilimani. Najua alichokuwa anafikiri. Alifikiri amemuua mjukuu wake kwa samli.

Hazikupita siku nyingi tangu aondoke, mkono ukaamka. Ukawa mwekundu, ukavimba, ukajaa usaha, mtoto akawa moto, akalia usiku kucha. Nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama kile. Wangu nao ulikuwa umeshika vizuri. Gamba la mtoto lilikauka, likaanguka lenyewe, na mama mkwe bado hakuwa amerudi.

Alirudi asubuhi moja, lakini hakuingia bomani. Alisimama kule chini, kwenye mtama, karibu na kibanda tulichokitumia kufukuzia ndege, akaniita. Nikaanza kwenda. Akasema, "Simama hapo hapo." Dada yake alikuwa amekufa, na homa ile ilikuwa ndui. Uso wake mwenyewe ulikuwa umeanza kuchipuka.

"Mkono?" akauliza.

"Umeshika, mama."

"Unaniambia hivyo ili ninyamaze."

Nilikimbia nikamleta mtoto. Nikasogea mpaka aliponyoosha kiganja kunizuia. Nikaivua nguo ya mtoto, nikauinua ule mkono juani, kovu likaonekana, jipya, la waridi. Macho yake hayakuwa mazuri. Alitazama muda mrefu sana, akaelekeza kichwa huku, akaelekeza kule. Kisha akaketi chini kwa uzito.

"Nimeliona," akasema. "Basi usimlete tena."

Akaingia katika kile kibanda cha ndege, na hakutoka tena. Nilimwambia kwamba ndui haiwezi kumpata mtoto sasa, anaweza kumwona hata kwa mbali. Akakataa. Alisema dresa anajua dawa, lakini yeye anajua bahati, na hataki kuijaribu. Nilimuuguza mimi, kwa kuwa chanjo yangu iliniruhusu, nikamwosha na kumlisha hata alipokuwa hawezi kufumbua macho.

Mtoto alikuwa anajua neno moja tu wakati huo, susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita bibi. Kila asubuhi akiniona nimebeba uji alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye mtama, anaita susu, susu. Na kule chini kibandani mama mkwe alikuwa anasikia, maana aliniuliza mara moja kama mtoto analia kwa njaa. Kila asubuhi nilimkabidhi kwa jirani, nikafunga mlango, nikashuka peke yangu.