Bei ya Mfarishi wa Fulana Thelathini

Kwa miaka mingi hapa Maskati nilikuwa fundi wa nguo nisiye na bei. Cherehani nilikuwa nayo, mkasi nilikuwa nao, tena mkasi ambao hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kukatia karatasi, na wateja walikuwapo. Bei ndiyo sikuwa nayo. Mtu akija kuchukua nguo yake huniuliza, "Nikupe nini?" nami humjibu kama mama yangu alivyokuwa akiwajibu watu Unguja: "Ah, baina yangu mimi na wewe?" Basi. Kesho yake inaletwa bakuli ya halwa, halwa ya zafarani yenye lozi. Lakini bakuli ya watu hairudishwi tupu, hilo kila aliyelelewa analijua, kwa hiyo mimi huingia jikoni nikakaanga sambusa ishirini za kuijazia. Ukipiga hesabu vizuri, kila gauni nililoshona miaka ile gharama yake niliitoa mwenyewe.

Aliyekuwa akiudhika ni binti yangu, aliyekuwa keshaanza kazi benki. "Mama, mali bila daftari huisha bila habari," huniambia, nami humwambia methali hiyo nimemfundisha mimi, asinirudishie. Baba yake hakuwa upande wowote. Halwa ile mlaji wake mkubwa alikuwa yeye.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mume wa shoga yangu alipostaafu wizarani. Shoga yangu huyo ni rafiki wa kufa na kuzikana. Tulisoma darasa moja Unguja, tukaolewa mwaka mmoja, tukahamia Maskati na watoto wachanga mikononi. Mumewe ni mtu mpole, hana makuu, ila ana ugonjwa wa fulana. Siku ya michezo ya wizara alirudi na fulana. Watu wakichangia damu, fulana. Duka la matairi likifunguliwa, kampuni ya rangi ikitoa rangi mpya, yeye yumo kwenye foleni. Zilifika thelathini, nyingine kola zimeliwa, na hakuna hata moja iliyoruhusiwa kutupwa. Siku alipomkuta mtumishi anafutia vioo vya gari ile fulana ya kampuni ya rangi, hakula chakula cha mchana.

Shoga yangu akaja kwangu na mifuko miwili mikubwa. Alikuwa ameona katika jarida kwamba fulana za zamani hukatwa, zikaunganishwa vipande kwa vipande, zikawa mfarishi wa kujifunikia. Kwao Qurum kila chumba kina AC, na mumewe huiweka ya baridi kali, kisha analalamika miguu.

"Mfanyie huo," akasema. "Ajifunike fulana zake zote kwa pamoja, mie nipate nafasi kabatini."

Nikakubali kabla sijajua nimekubali nini. Fulana si kitambaa cha kushona, wallahi. Ukiivuta inakufuata, ukiiachia inajikunja kama unga wa chapati. Ilinibidi ninunue kile kitambaa chembamba chenye gundi, nikibandike nyuma ya kila fulana kwa pasi, ndipo nikate. Nikanunua pamba ya kutia katikati na shuka ya kutia chini. Yote kwa pesa yangu, sokoni Matrah, na miezi miwili ya mgongo wangu.

Binti yangu akanitazama siku moja nikijinyoosha kiuno. "Safari hii utamtajia bei," akasema. "Ukishindwa kumtajia yeye, hutamtajia mtu maisha yako yote. Na kama hutaji bei, basi usijiite fundi. Sema una cherehani tu."

Neno hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza vivyo hivyo kimoyomoyo. Umri ulikuwa unakwenda, na sikujua kama mimi ni fundi kweli au ni mwanamke tu mwenye marafiki wenye adabu.

Akanikalisha, akahesabu vitambaa, uzi na saa zangu za kazi, akafika riali tisini. Nikamwambia hizo pesa za mtu kununua mbuzi. Nikaanza kupunguza: kumi kwa sababu tulikaa dawati moja, kumi kwa sababu alinipeleka hospitali usiku ule wa uchungu wa kitinda mimba wangu, nyingine kwa sababu mumewe mgonjwa wa miguu. Nilipofika arubaini na tano, binti yangu alinipokonya kalamu. Wiki nzima iliyofuata nilifanya mazoezi ya kuitamka mbele ya friji. Mstari wa mwisho wa mfarishi, ule wa miguuni, niliushona mdomo unakwenda: arubaini na tano, arubaini na tano.

Siku ya kuupeleka tuliketi sebuleni kwao, mfarishi umekunjuliwa juu ya zulia. Shoga yangu akauzunguka, akasema, "Mashallah, mikono yako ina baraka." Kisha likaja lile swali. "Nikupe nini?"

"Ah, baina yangu..." ulimi ukaanza wenyewe. Nikaumeza. "Arubaini na tano."

Akaliinua birika la kahawa.

"Arubaini na tano nini?"

"Riali."

Akamimina kahawa, akanywa kikombe kizima, akakiweka chini. "Thalathini," akasema.

Nilitarajia anune, au alie, au aniulize nimepatwa na nini. Sikutarajia kupatanishwa bei. Miaka thelathini ya urafiki na sikuwahi kujua kwamba ana ulimi wa sokoni. Nikamweleza kitambaa cha gundi. Akauliza, kwani fulana si zake mwenyewe? Nikamwambia kama ni zake basi amfunike nazo mumewe moja moja. Akasema hata mafundi wa Ruwi hawaombi bei hiyo, nikamwambia awapelekee hao mafundi wa Ruwi. Tukapatana arubaini. Akazihesabu kutoka pochini mwake, mara mbili, nami nikazihesabu mara ya tatu. Nikarudi nyumbani naimba garini.

Kesho yake bakuli haikuja. Alikuja yeye mwenyewe, saa nne haijagonga, mfarishi kwapani. Akautandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Soma."

Ilikuwa fulana ya kijani. Nilikuwa nimeichagua kwa kijani chake, nikaitia miguuni ili ipendezane na ya buluu ya pembeni. Chini kabisa, karibu na mshono, kwa maandishi madogo meupe, palikuwa na aya. Fulana yenyewe ilitolewa katika mashindano ya kuhifadhi Qur'ani ya msikiti wa mtaani kwao, nami nimeiweka pale mume wa mtu atakaponyooshea nyayo zake.

"Astaghfirullah," nikasema. Miezi miwili naishika fulana ile, naipiga pasi kwa nyuma, naikata, na macho yangu yako kwenye riali.

"Mie nimeiona jana usiku, naitandika," akasema. "Nimeulaza juu ya kabati mpaka asubuhi. Sasa nirekebishie."

Nikasema naam, bila shaka, leo leo. Kisha akaongeza, polepole, kwa ule ukweli wake wa mtu asiyetaka kuuma: "Nashukuru ulinitoza. Lau ungenipa bure, ningeukunja nikautia kabatini, nikakwambia mume wangu halali bila ya mfarishi wako."

Hapo nikamtazama vizuri. "Vingapi vyangu vimo humo kabatini?"

Akaanza kuzishughulikia bangili zake.

"Sema, bibi wee."

"Lile gauni la harusi ya mdogo wangu," akasema. "Makwapa yananibana. Harusi nzima sikuinua mkono."

"Na foronya za mito ya kochi?"

"Zipu zinakwama."

"Mapazia yapo dirishani, nayaona kila nikija."

"Mafupi. Vidole vinne. Kwani unadhani kochi limewekwa pale kwa nini?"

Nilikasirika, tena sana. Si kwa makosa, fundi gani hakosei? Nilikasirikia miaka yote ile ya mashallah. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, nikikumbuka nilivyokuwa nikikaa kwenye kochi lile, nimeyapa mgongo mapazia yangu mafupi, najisikia malkia.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," nikamwambia. "Na wewe ndiye uliyekuwa ukinisifu."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukinipa bure," akajibu. "Cha bure nitakitiaje ila? Nna adabu, shoga."

Adabu yangu na adabu yake zilikuwa zimekaa kitako miaka mingi zinadanganyana, na kazi yangu imebaki palepale haijasonga hata nukta moja. Nilimchemshia chai kwa hasira, akainywa, akaondoka. Wala hatukugombana zaidi ya hapo.

Nilifumua mstari mzima. Kile kipande cha kijani nilikifua peke yake, nikakikunja ndani ya kitambaa safi ili mumewe akiweke mahali pa juu, na pahala pake nikatia mgongo wa fulana ya matairi. Siku tatu nilishona bila kuhesabu kitu chochote isipokuwa nukta za mshono. Sikuongeza bei. Kosa la fundi halilipwi na mteja.

Nilipoupeleka, safari hii hatukuishia sebuleni. Shoga yangu aliutandika kitandani kwao, akavaa miwani, akaupitia mstari kwa mstari, akiuvuta kila mshono kwa vidole viwili. Mimi nimesimama tu kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa daftari. Alikuta uzi mmoja unaning'inia, akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa mkasi. Hakusema mashallah. Aliufikia mwisho, akavua miwani, akaenda zake jikoni kutazama wali.

Mumewe akarudi kutoka kusali adhuhuri. Akatusalimia, akaingia chumbani kulala kidogo kabla ya chakula. Alipochelewa kutoka tukaenda kuchungulia. AC inavuma, yeye kalala chali, kajivutia mfarishi mpaka kidevuni, rangi za nyumba kifuani na matairi miguuni, anakoroma. Moyo wangu ulijaa. Nimeshona maisha yangu yote, na sijui kama kabla ya siku ile niliwahi kuona kitu changu kikitumiwa na mtu asiyejua kama natazama.

Shoga yangu akaurudisha mlango taratibu. Kwa sauti ya chini akaniuliza kurefusha yale mapazia itakuwa kiasi gani.

Nikamtajia.

Akasema ghali.

Nikasema ndiyo.